Ndege Haielei: Istilahi za Vyombo vya Majini na Misingi ya Urukaji, kwa Mifano ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Neno rubani lilikuwa la bahari kabla halijawa la anga. Mabaharia wa mwambao walimwita hivyo mtu aliyezijua njia za maji, aliyekiongoza chombo baina ya miamba na mafungu hadi kikafika bandarini salama. Eropleni zilipoingia Afrika Mashariki, Kiswahili hakikuhangaika kumtafutia kiongozi wake jina jipya. Kilimtoa rubani majini kikampandisha hewani, na pamoja naye kikawapandisha abiria, shehena na usukani. Kwa jina la chombo chenyewe lugha ilimwendea kiumbe mwenye mbawa. Kwa hiyo istilahi za urukaji katika Kiswahili zina wazazi wawili, jahazi na ndege wa porini, na wazazi hao hawakubaliani katika kila jambo.

Makala haya yanayachunguza maneno matatu ambayo mwanafunzi wa urubani huja nayo darasani kutoka majini na barabarani, nayo ni kuelea, usukani na kuzima. Kila moja humfaa mwanafunzi mwanzoni, kisha humpotosha, na upotoshaji wake unaweza kumgharimu maisha. Mifano imechukuliwa Mbinga na katika mwambao wa Ziwa Nyasa ulioko Mkoa wa Ruvuma, yaani Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vya jirani, eneo ambalo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Sababu ya kulichagua eneo hilo ni ya kimaumbile. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na mwendo wa saa chache tu kutoka hapo nyanda za juu za Umatengo zinapanda kupita mita 1,500. Mtoto aliyekulia huko ameshika kafi la mtumbwi na amepanda milima. Ana mkononi chombo kizuri cha kumfundishia kazi ya bawa, na juu ya kichwa chake ana hewa iliyo ngumu kurukwa.

Huenda ikadaiwa kwamba mjadala huu hauna haja, kwa kuwa mitihani ya leseni hufanywa kwa Kiingereza, na tangu mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka kiwango cha umilisi wa Kiingereza kwa marubani wa safari za kimataifa. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Mwanafunzi anayejibu mtihani kwa lugha moja hufikiri kwa lugha nyingine, hasa anaposhtuka, na katika urukaji mshtuko hauachi nafasi ya kutafsiri.

2.0 Kuelea

Husemwa kila siku kwamba ndege inaelea angani. Kwa mshairi usemi huo hauna ubaya. Kwa mwanafunzi wa urubani una ubaya mkubwa, kwa maana kinachoelea hakihitaji kwenda. Mtumbwi uliofungwa kwenye gogo ufukoni Liuli unaelea usiku kucha bila mtu kuupigia kafi, kwa sababu uzito wa maji unayoyasukuma kando unalingana na uzito wake wenyewe. Kanuni hiyo, inayohusishwa na Archimedes, haiujali mwendo hata kidogo.

Viko vyombo vya angani vinavyoelea kweli, na kimojawapo kilikusudiwa kuja karibu na Ruvuma. Mnamo tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha Kijerumani kilichoitwa L59, chenye urefu wa zaidi ya mita 226 na kilichojazwa gesi ya haidrojeni, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa kwa ajili ya majeshi ya Lettow-Vorbeck. Hakikutarajiwa kurudi, kingefika Umakonde kingebomolewa, na kitambaa chake kingetumiwa kushonea mahema na nguo. Kilipokuwa juu ya Sudani kiliamriwa kurejea, na kikatua Jamboli tarehe 25 Novemba baada ya saa 95 hewani. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alianza kuuvuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. L59 kingeweza kuzima injini zake zote na bado kikabaki hewani, mradi gesi yake isipungue wala isipoe mno. Kwa hiyo Wajerumani hawakukosea walipokiita meli ya hewani.

Ndege yenye mabawa haina uwezo huo. Ni nzito kuliko hewa inayoisukuma kando, na kila dakika inayokaa juu inalipiwa kwa mwendo. Ikikosa injini itaendelea kuruka, lakini kwa kushuka, kama baiskeli inayoteremka mlima bila kupigwa pedali. Inaubadilisha urefu wake wa kutoka ardhini kuwa mwendo. Ikikosa mwendo, hairuki tena. Kiswahili tayari kina neno linalofaa, nalo ni kuruka, ambalo kwa bahati njema lina maana ya kuchupa pia, na hivyo linabeba wazo la juhudi. Kuelea kuachwe kwa maputo na mitumbwi.

3.0 Kafi na bawa

Anayekaa nyuma ya mtumbwi akiuongoza kwa kafi anajua mambo manne ambayo vitabu vya urukaji huyaeleza kwa kurasa nyingi. Mtumbwi ukiwa mwendoni, naye akiliingiza kafi majini likiwa limeelekezwa sawasawa na mkondo, halisikii chochote ila msuguano mdogo. Akiliinamisha kidogo, maji hulivuta kafi upande mmoja kwa nguvu inayomshangaza asiyezoea. Mtumbwi ukiongeza kasi, mvuto huo huongezeka zaidi ya alivyotazamia. Na akiliinamisha mno, mvuto ule wa pembeni hukatika ghafla, kafi huanza kutetemeka, nyuma yake maji huchemka kwa visulisuli, na kinachobaki ni mzigo unaoburuta mtumbwi nyuma.

Bawa ni kafi lililolazwa. Pembe iliyopo baina ya ubapa wa bawa na upepo unaolijia inaweza kuitwa pembe ya mkabala, kwa kuwa hupimwa kwa namna bawa linavyoikabili hewa. Ni muhimu isichanganywe na pembe iliyopo baina ya pua ya ndege na upeo wa macho. Ndege inaweza kuwa imeelekeza pua yake chini na bado pembe ya mkabala ikawa kubwa, endapo ndege yenyewe inashuka kwa kasi na hewa inalijia bawa kutoka chini. Wanafunzi wengi hupita darasani bila kulitambua jambo hili, na hapa ndipo kafi linaposhinda mchoro wa ubaoni, kwani mkono unaoshika kafi hauzuzuliwi na upeo wa macho. Unausikia mkondo tu.

Kwa bawa lililoinamishwa hivyo, hewa inayopita hugeuzwa njia na kuelekezwa chini, nayo kwa kuitika hulisukuma bawa juu. Wakati huo huo kanieneo ya hewa juu ya bawa hupungua na ile ya chini huzidi kidogo. Hizi si sababu mbili zinazoshindana, bali ni hesabu moja iliyofanywa kwa njia mbili. Yako maelezo ya tatu, yaliyoenea mno katika vitabu vya shule, yasemayo kwamba chembe mbili za hewa zinazoachana kwenye ukingo wa mbele wa bawa hazina budi kukutana tena kwenye ukingo wa nyuma, na kwamba ile ya juu, kwa kuwa ina njia ndefu, hulazimika kukimbia. Maelezo hayo ni ya uongo. Hakuna sheria ya maumbile inayozilazimisha chembe hizo kukutana, na majaribio yanaonyesha kuwa ile ya juu hufika mapema zaidi, ikamwacha mwenzake nyuma. Isitoshe, maelezo hayo hayawezi kueleza jinsi ndege za maonyesho zinavyoruka matumbo yakiwa juu.

Ukubwa wa tofauti hiyo ya kanieneo huwashangaza wengi. Toleo mojawapo la ndege ya mafunzo ya Cessna 172 lina mabawa yenye eneo la mita mraba 16.2 na huruhusiwa kuruka likiwa na uzito usiozidi kilo 1,111. Maana yake ni kwamba kila mita mraba ya bawa hubeba kilo 69 hivi, yaani zaidi kidogo ya gunia moja la kahawa safi lenye kilo 60. Hewa iliyotulia juu ya ufuko wa Mbamba Bay huikandamiza kila mita mraba ya ardhi kwa uzito wa karibu kilo 9,800. Basi ndege haihitaji kuondoa hata sehemu moja ya mia ya kanieneo hiyo ili iinuke. Kinachohitajika ni kuiondoa sehemu hiyo ndogo bila kukoma.

Kani ya kuinua hutegemea densiti ya hewa, eneo la bawa, pembe ya mkabala na mwendo. Mwendo una athari ya pekee, kwa kuwa ukiongezwa maradufu, pembe ikabaki ile ile, kani huongezeka mara nne. Rubani hawezi kuiamuru densiti wala eneo la bawa, isipokuwa kidogo kwa kuteremsha vibao vya nyuma vya mabawa viitwavyo flapu. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kubadilishana mwendo na pembe. Ndege inayokwenda polepole huinua pua ili ipate pembe kubwa. Inayokwenda kasi hutosheka na pembe ndogo.

Mabaharia wa zamani waliokwenda bisho, wakilivuta tanga hadi chombo kikasonga kuelekea upande wa upepo, walikuwa wakilitumia bawa lililosimamishwa wima. Majahazi yalipata kuvuka Ziwa Nyasa katika karne ya 19 kutoka Nkhotakota, na elimu hiyo haikuwa ngeni ziwani.

4.0 Usukani

Neno la pili lina matatizo zaidi, kwa sababu limekwisha kuhama mara moja. Katika jahazi, usukani ni ubao uliotundikwa shetrini, ambao hugeuza maji na hivyo kuugeuza mkia wa chombo. Lilipopanda gari, neno likahamia kwenye duara linaloshikwa na dereva. Ndege ina vyote viwili. Mkiani ina kibao cha wima kinachofanana kabisa na usukani wa jahazi, nacho huendeshwa kwa miguu. Na mbele ya rubani ipo fimbo, au gurudumu linalofanana na la gari. Mwanafunzi anayeambiwa ashike usukani hushika gurudumu, akaligeuza kulia akitazamia kwamba ndege itakata kona kama basi la Songea. Haikati, inalala upande.

Jahazi hugeuka kwa sababu lina mkuku. Usukani ukishaupeleka mkia upande mmoja, mkuku na ubavu wote wa chombo huyakinza maji na kukilazimisha kufuata kule pua inakoelekea. Ndege haina mkuku wa namna hiyo hewani. Ikisukumwa mkia kwa kibao cha wima peke yake, pua hugeuka lakini mwili huendelea kuteleza kule ulikokuwa ukienda, kama gari kwenye utelezi wa masika. Kinachoigeuza ndege ni bawa. Vibao vidogo vilivyo nyuma ya ncha za mabawa, ambavyo huitwa ailaroni, hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, bawa moja likapata kani zaidi ya jingine, na ndege ikalala. Hapo kani ya kuinua, ambayo daima husimama wima juu ya mabawa, huwa nayo imelala, na sehemu yake moja huivuta ndege kuelekea ndani ya kona. Mwendesha baiskeli anayeteremka kutoka Umatengo hufanya vivyo hivyo kila anapofika kwenye kona, wala hakuna aliyemfundisha.

Usukani wa mkiani unabakiwa na kazi ya adabu tu. Bawa linaloinuka, kwa kuwa linapata kani zaidi, huburutwa nyuma zaidi pia, na pua huvutwa kuelekea upande usiotakiwa. Mguu wa rubani hukanyaga pedali ili kuirudisha pua katika mstari. Ndugu wawili Wright walikutana na tatizo hili Kitty Hawk katika majaribio ya mwaka 1902, wakakifanya kibao cha nyuma kiweze kuzungushwa, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa injini kwa sekunde 12 katika safari yao ya kwanza. Waliowatangulia, pamoja na wengi wa washindani wao wa Ulaya, walikuwa bado wanafikiri kama mabaharia. Walitaka ndege ibaki bapa na kugeuzwa kwa usukani.

Mtu anayetaka kuzitaja harakati tatu za ndege kwa Kiswahili hapati shida kubwa. Kulala kwa mabawa huku na huku ni mrama, neno ambalo siku hizi watu wengi hulijua katika usemi wa mambo kwenda mrama bila kukumbuka chombo kilichokuwa kikiyumba. Kuinuka na kuinama kwa pua hutawaliwa na kibao cha ulalo kilichoko mkiani, yaani eleveta. Harakati ya tatu ni kugeuka kwa pua kulia na kushoto. Pendekezo la makala haya ni kwamba neno usukani lihifadhiwe kwa kibao cha wima cha mkiani peke yake, kama lilivyokuwa kwa mababu, na kile kinachoshikwa kwa mikono kiitwe fimbo hata pale kinapokuwa na umbo la gurudumu.

Upo upande mmoja ambao ujuzi wa majini haumpotoshi mwanafunzi hata kidogo, nao ni upakiaji. Kila mvuvi wa Lituhi anajua kuwa shehena ikirundikwa nyuma, omo huinuka na mtumbwi hukataa kutii. Ndege yenye magunia mkiani hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe haijazi maji tu. Pua yake huinuka, pembe ya mkabala ikakua, na eleveta ikaishiwa na nguvu ya kuirudisha chini.

5.0 Kuzima na kuachwa

Kuna hali ambayo Waingereza huitaja kwa neno lile lile watumialo kwa injini ya gari inapozimika mlimani. Katika vyuo vya Afrika Mashariki neno hilo hutamkwa stoli, na mwanafunzi aliyewahi kuendesha gari hulifasiri kuwa ni kuzima. Akisikia kwamba ndege imestoli, moyo wake huenda kwenye injini na mkono wake hutafuta kibanio cha mafuta. Hakuna kosa la tafsiri lililo hatari kuliko hili, maana injini haihusiki. Kilichotokea ni kile ambacho kafi lilikwisha kukionyesha, kwamba pembe ya mkabala imepita kikomo, ambacho kwa mabawa ya kawaida ni kiasi cha digrii 15 hadi 18, na hewa ya juu imeshindwa kuufuata mgongo wa bawa, ikabanduka na kuvurugika. Kani ya kuinua hupungua ghafla na buruto huongezeka.

Kwa hali hiyo istilahi ya Kiswahili inapaswa kutaja kinachotendeka, na kinachotendeka ni kwamba bawa limeachwa na hewa. Inapendekezwa iitwe kuachwa kwa bawa, au kwa kifupi kuachwa. Faida ya neno hili ni kwamba ndani yake mna dawa yake. Bawa lililoachwa halirudiwi na hewa mpaka pembe ipunguzwe, yaani fimbo isukumwe mbele na pua iteremke, hata kama ardhi iko karibu na mwili mzima wa rubani unataka kuivuta fimbo nyuma.

Gharama ya kutolielewa jambo hili ilionekana tarehe 1 Juni 2009, wakati ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipoanguka katika Bahari ya Atlantiki na kuwaua watu wote 228. Vipimo vya mwendo viliziba kwa barafu kwa muda mfupi, rubani aliyekuwa akiiongoza akaivuta fimbo nyuma, ndege ikapanda na mabawa yakaachwa. Kwa zaidi ya dakika tatu ndege ilishuka ikiwa imeinua pua, injini zake zikifanya kazi, mlio wa tahadhari ukirudiwa mara nyingi, na fimbo ikiendelea kuvutwa nyuma kwa sehemu kubwa ya muda huo. Pembe ya mkabala ilikuwa imepita digrii 35. Hao walikuwa marubani wenye leseni na maelfu ya saa angani. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa ya mwaka 2012 ilieleza kwamba hawakuitambua hali waliyokuwamo.

Kwa ndege ndogo hatari kubwa zaidi imo katika kona. Ndege iliyolala huhitaji kani zaidi, kwa kuwa sehemu ya kani hiyo imetumika kuivuta kando. Ikilala digrii 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba uzito maradufu, na mwendo ambao chini yake bawa huachwa hupanda kwa asilimia 41. Ndege ambayo katika safari nyofu ingeachwa kwenye kilomita 90 kwa saa itaachwa kwenye kilomita 127. Rubani aliyeingia katika bonde jembamba la Umatengo, akaona mlima mbele yake na kukata kona kali huku akivuta fimbo, anaweza kuachwa na bawa akiwa na mwendo ambao dakika moja kabla aliuamini.

Ufukoni, mwalimu wa jambo hili ni furukombe. Anapokaribia tawi huinua mwili wake, hutandaza mkia na kuyafungua manyoya ya ncha za mabawa, akaiongeza pembe hadi mwisho. Bawa lake huachwa pale pale makucha yanapogusa tawi. Rubani naye hukusudia hivyo hivyo magurudumu yakiwa sentimita chache juu ya ardhi, lakini hakusudii hivyo juu ya miti.

6.0 Hewa ya ziwani na hewa ya mlimani

Yote yaliyosemwa hadi hapa yamechukulia kwamba hewa ni ile ile. Siyo. Hewa ya kipimo cha kawaida usawa wa bahari ina uzito wa kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo. Katika kiwanja kilicho kwenye mita 1,000, ambacho ni kimo cha chini kidogo kuliko cha Songea, joto likifika digrii 30, uzito huo hushuka hadi kilo 1.03 hivi. Yaani kwa ndege, kiwanja hicho kimepanda mlima. Mabawa, rafadha na injini vinafanya kazi kana kwamba viko kwenye mita 1,700 katika siku ya baridi ya kipimo. Ili kuinuka, ndege hiyo inahitaji mwendo wa kweli uliozidi kwa karibu asilimia 9 ule wa usawa wa bahari, na kwa kuwa umbali wa kukimbia hufuata mraba wa mwendo, njia inayohitajika huongezeka kwa karibu asilimia 19 hata kabla ya kuhesabu udhaifu wa injini inayovuta hewa nyembamba. Kipimo cha mwendo hakimwonyi rubani, kwani nacho hupimwa kwa hewa ile ile nyembamba. Kinachomwonya ni miti ya mwisho wa kiwanja.

Afrika Mashariki ililipata somo hili mapema. Wakati Waingereza walipokuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, ndege za majini zilizoletwa mapema mwaka 1915 zilitaabika kuinuka na kupanda katika joto la pwani, ingawa huko ni usawa wa bahari. Zilikuwa zimetengenezwa kwa hewa ya Uingereza. Ilibidi ziletwe nyingine, na mwezi wa Julai mwaka huo ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizoielekeza mizinga iliyoimaliza manowari hiyo.

Upepo nao huifuata sura ya nchi. Kusi, ambayo watu wa Ziwa Nyasa huiita mwera, hutoka kusini-mashariki, na mvuvi huiogopa kwa mawimbi yake. Rubani ana sababu nyingine ya kuiogopa. Hewa inayovuka milima ya Umatengo kutoka upande huo hulazimika kuteremka upande wa ziwa, na ndege inayotoka Mbamba Bay kwenda Mbinga hupanda huku hewa inayoizunguka ikishuka. Ikiwa ndege inapanda mita mbili kwa sekunde ndani ya hewa inayoshuka mita mbili kwa sekunde, haipandi kabisa, japo pua imeinuliwa na injini inanguruma. Kishawishi cha kuinua pua zaidi ndicho kinachompeleka rubani kwenye kuachwa kulikoelezwa hapo juu. Njia ya busara ni kutafuta kimo chote kwanza juu ya ziwa, kwa kuzunguka, kisha kuukabili ukingo wa milima kwa mshazari ili kugeuka kurudi ziwani kusihitaji kona kali.

Kuhusu upepo wa kiwanjani, baharia na rubani hutofautiana waziwazi. Baharia hupenda upepo wa nyuma. Rubani huondoka na kutua akiukabili. Ndege inayohitaji kilomita 100 kwa saa ili iinuke, ikikabili upepo wa kilomita 20, hukimbia ardhini kwa 80 tu, na njia yake hupungua kwa zaidi ya theluthi moja.

7.0 Kutua

Neno la mwisho halikutoka majini. Jahazi hutia nanga. Ndege hutua, kama atuavyo mtu mzigo wa kuni kichwani. Istilahi hii imepatia kuliko zote zilizojadiliwa. Ndege inapogusa ardhi uzito wake bado uko juu ya mabawa, na breki zikikazwa papo hapo magurudumu huteleza, kwa kuwa hayajabebeshwa kitu. Kadiri mwendo unavyopungua, mzigo huhama polepole kutoka kwenye mabawa kwenda kwenye magurudumu, flapu hupandishwa ili kuuharakisha uhamisho huo, na ndipo breki zinapopata kitu cha kushika. Kwa hiyo kugusa ardhi ni mwanzo tu wa kutua. Upepo wa ubavuni ukivuma katika sekunde hizo, bawa moja linaweza kuuchukua mzigo tena, na rubani aliyeiachia fimbo kwa kudhani kwamba safari imekwisha atajikuta anaendesha chombo ambacho bado nusu yake inaruka.